UZI: "Tutaongeza huduma na mchango utabaki ule ule." Sawa, lakini nani analipa?

Haya ni maneno niliyozungumza Sironga, kaunti ya Nyamira, mbele ya wakulima wa chai, akina mama wa chama na vijana wa bodaboda. Wengi mmeomba niyaweke hapa, kwa hivyo nimeyaandika karibu vile nilivyoyasema. Kanuni ya uzi huu mnaijua: hatutaji mwanasiasa, hatutaji chama. Tunachambua hoja tu. Shusha polepole.

1/
Bwakire, watu wa Sironga. Akina baba, akina mama, vijana, asanteni kwa kuniita.

Uchaguzi wa 2027 unakaribia na mmeshaanza kusikia sauti mbili kuhusu bima ya afya. Ya kwanza inasema: "Tutawaongezea saratani, figo, meno, macho, na mchango utabaki mia tatu." Ya pili inasema: "Hii SHA ni makato tu. Ifutwe, kila mtu abaki na pesa yake mfukoni."

Zote mbili hupigiwa makofi. Leo nataka tuone kitu kimoja ambacho zote mbili zimekificha, nacho ni bili.

2/
Tuanze na kitu mnachokijua. Chama. Watu wanachanga kila mwezi, na mmoja akipata shida anainuliwa. Bima ni chama kikubwa ambacho hujui wanachama wenzako.

Sasa fikirieni mwenyekiti wa chama amesimama akasema: kuanzia leo tutalipia pia karo, mazishi, na paa likiezuliwa na upepo, lakini mchango haupandi. Si mtamwangalia tu? Mama mmoja hapo mbele angeuliza, "Mwenyekiti, pesa itatoka wapi?"

Swali hilo tunajua kuliuliza kwenye chama. Kwenye mkutano wa hadhara tunalisahau.

3/
Tupige hesabu pamoja. Mfano wangu ni wa kubuni, lakini bei ni za kweli, zile za viwango vya malipo vilivyochapishwa katika mwaka wa kwanza wa SHA.

Tuseme tuko familia 1,000, na kila familia inalipa kile kiwango cha chini cha kisheria, shilingi 300 kwa mwezi. Kwa mwaka familia moja inatoa 3,600. Sisi wote tunapata milioni 3.6.

Inasikika kama pesa nyingi, si ndio? Haya, tuitumie.

4/
Mgonjwa mmoja wa figo. Anasafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na kila mara ni 10,650. Kwa mwaka ni mara 104. Jumla: 1,107,600. Huyo ni mtu mmoja.

Mgonjwa mmoja wa saratani. Kikomo cha mfuko wa bima kwenye viwango hivyo kilikuwa 400,000 kwa familia kwa mwaka.

Akina mama 60 wanajifungua kawaida, 10,000 kila mmoja: 600,000. Wengine 10 wanajifungua kwa upasuaji, 30,000 kila mmoja: 300,000.

Jumlisha: 2,407,600.

5/
Tumebaki na 1,192,400. Kitanda cha hospitali ya levo 4 kiliwekewa 3,360 kwa siku. Hizo zilizobaki zinanunua siku 354 za kitanda. Kwa familia 1,000, mwaka mzima. Na hapo hatujalipa karani hata mmoja.

Angalieni tena hiyo bei ya kitanda. Siku moja ya kulazwa inakula karibu mchango wote wa mwaka wa familia inayolipa mia tatu.

6/
Sasa mwaka huo huo anatokea mgonjwa wa pili wa figo. Mmoja tu. Ondoa 1,107,600 nyingine. Tunabaki na 84,800, yaani siku 25 za kitanda kwa familia 1,000. Malaria ya msimu mmoja inazimaliza.

Tukitaka huyu mgonjwa wa pili atibiwe na vitanda vyetu vibaki kama vilivyokuwa, kila familia iongeze kama shilingi 92 kwa mwezi. Mia tatu inakuwa karibu mia nne.

Hii ndiyo maana ya kusema kwamba huduma ikiwekwa kwa lazima kwenye bima, inagusa bei ya bima. Hakuna aliyeiba hapo. Ni hesabu.

7/
Hapo kijana mmoja wa bodaboda aliinua mkono: "Na kama mimi sijawahi kuugua, hiyo 92 naitoa ya nini?"

Nilimuuliza barabara anayopita kila siku na abiria wawili nyuma ni ipi. Watu walicheka, lakini swali lake ni la haki na linastahili jibu zima.

Jibu ni hili: ukikosa kulipa wewe ambaye huumwi, mfuko unabaki na wale wanaoumwa peke yao. Rudini kwenye mfano wetu. Familia 400 zikisema "sisi hatuugui" na kuacha kulipa, zinabaki 600, na mfuko unapata 2,160,000. Huo hautoshi hata mgonjwa wa kwanza wa figo, wa saratani na akina mama. Kitanda? Hakuna hata siku moja.

8/
Jirani zetu Tanzania wanajua jambo hili. Mfuko wao wa taifa ulikuwa na kadi ya watoto iliyoitwa Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa shilingi 50,400 za Tanzania kwa mwaka na mtoto alitibiwa. Kadi nzuri, wazazi waliipenda.

Shida ni kwamba kujiunga kulikuwa kwa hiari, mtoto mmoja mmoja. Waliokimbilia kadi wengi walikuwa wazazi wenye watoto wanaougua. Machi 2023 usajili wa mtoto mmoja mmoja ukasimamishwa, wazazi wakaambiwa wapitie shuleni au wasajili familia nzima. Kelele ilikuwa kubwa, na wazazi walikuwa na haki ya kulia. Lakini mfuko unaotoa kuliko unavyoingiza hauna muda mrefu.

9/
Ndiyo maana lazima ya huduma hutembea na lazima ya kuchangia. Ni kama jembe na mpini. Anayekuahidi huduma nyingi za lazima huku akikuahidi kuwa kulipa ni hiari, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Sheria yetu ya Bima ya Afya ya Jamii ya 2023 inamtaka kila Mkenya ajisajili na achangie. SHA ilianza kazi tarehe 1 Oktoba 2024, ikachukua nafasi ya NHIF. Lakini kulazimisha kwenye karatasi ni rahisi. Mwenye mshahara anakatwa kabla hajaiona pesa. Mkulima wa Sironga je? Zaidi ya watu wanane kati ya kumi wanaofanya kazi Kenya wako kwenye kazi zisizo rasmi. Hao hawana karatasi ya mshahara ya kukatwa.

10/
Mtu akikuambia kuwa mchango haujawahi kupanda kwa sababu ya huduma, mkumbushe historia.

NHIF ilianza 1966. Kwa miaka mingi mwajiriwa wa juu kabisa alikatwa shilingi 320 kwa mwezi, na bima ilikuwa hasa ya kulazwa. Ukienda kutibiwa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo, ulilipa mwenyewe. Aprili 2015 viwango vikabadilika: kutoka 150 hadi 1,700 kwa wenye mishahara, na waliojiajiri wakatoka 160 hadi 500. Pamoja na hilo ikaja matibabu ya wagonjwa wasiolazwa, na baadaye figo, saratani, upasuaji.

Orodha ilikua, mchango ukakua. Na bado NHIF ilifungwa ikiwa na madeni ya mabilioni kwa hospitali.

11/
Sasa tuje kwa ile asilimia 2.75. Hapa wanasiasa wa pande zote huchagua mfano unaowafaa. Mimi nawapa minne:

Mshahara wa 20,000: zamani 750, sasa 550.
Mshahara wa 50,000: zamani 1,200, sasa 1,375.
Mshahara wa 100,000: zamani 1,700, sasa 2,750.
Mshahara wa 500,000: zamani 1,700, sasa 13,750.

Kwa hivyo anayesema "mchango umeshuka" anasema kweli kuhusu mtu fulani, na anayesema "mchango umepanda" anasema kweli kuhusu mwingine. Swali ni: anamzungumzia nani?

12/
Hao wa mshahara mkubwa ndio wanaojaza pengo mliloliona kwenye mfano wetu. Familia za mia tatu peke yao haziwezi kumbeba mgonjwa wa figo: zinahitajika familia 308 zinazolipa mwaka mzima bila kugusa hata panadoli, ili mgonjwa mmoja asafishwe damu.

Lakini mwalimu naye ana lake. Yeye na mkewe wote wameajiriwa, wote wanakatwa, na familia ni ile ile moja. Tena Kenya mwajiri haongezi kitu juu ya hiyo 2.75; yote inatoka kwa mfanyakazi. Kule Tanzania mfanyakazi wa serikali anakatwa asilimia 3 na mwajiri anatoa 3. Huo ni uamuzi wa kisiasa, na unaweza kujadiliwa. Mbona hamuusikii kwenye majukwaa?

13/
Na maskini je? Sheria inasema 2.75 kwa mia, lakini isipungue 300. Fanyeni hesabu: 300 ni asilimia 2.75 ya 10,909. Anayepata chini ya hapo analipa zaidi ya asilimia hiyo. Mama anayechuma chai ya watu na kupata 6,000 kwa mwezi, mia tatu ni asilimia 5 ya pato lake.

Yaani mfumo uliosifiwa kuwa tajiri anabeba zaidi, huku chini kabisa unamwomba maskini sehemu kubwa kuliko tajiri. Hili mtu yeyote anaweza kulisema bila kuwa wa upande wowote.

14/
Kuna jambo jingine ambalo Nyamira tunalihisi kuliko Nairobi. Asiyeajiriwa anajibu maswali kuhusu nyumba yake, maji na mali yake, anapimiwa kiasi, kisha anatakiwa alipe kwa mwaka.

Mkulima wa chai anapata nini? Malipo kidogo kila mwezi kutoka kiwandani, na bonasi mara moja kwa mwaka. Hiyo bonasi ya upande wetu, mnajua wenyewe vile tunailalamikia, ina wenyewe kabla haijafika: karo, deni la mbolea, deni la duka. Ukimwambia alete 3,600 au zaidi kwa mkupuo mwezi wa Machi, hana. Hakatai, hana.

Matokeo? Analipa siku mtoto amezidiwa. Na mfuko unaolipwa siku ya ugonjwa ni ile Toto Afya Kadi, kwa jina lingine.

15/
Sasa nawaonyesha ujanja mkubwa wa ahadi za bima. Mfuko una vitasa vitatu. Cha kwanza ni mchango. Cha pili ni orodha ya huduma. Cha tatu ni kiasi ambacho mfuko unailipa hospitali kwa kila huduma. Ukifungua kimoja, kingine lazima kisogee.

Mwanasiasa akiongeza orodha na kukataa kuongeza mchango, cha tatu ndicho kinachobanwa. Huduma iko kwenye orodha, umeandikiwa, lakini kiasi hakitoshi. Hospitali inakuambia "SHA imelipa hapa, hapa malizia mwenyewe." Au inakutuma duka la dawa la nje na karatasi mkononi. Mchango haukupanda, ni kweli. Bili ndiyo imerudi kwako kupitia mlango wa jikoni.

16/
Kampuni za bima za kibinafsi hufanya hivyo hivyo. Sheria yetu ya Afya ya Akili ya 1989 iliandika wazi kwamba kampuni ya bima isiuze bima inayombagua mgonjwa wa akili. Zaidi ya miaka 30 iliyopita! Ninyi mwenye bima ya kazini, soma karatasi yako uone kikomo cha matibabu ya akili ni kiasi gani, ukilinganisha na kikomo cha kulazwa.

Kampuni ikiamriwa kuweka huduma, ina njia tatu: ipandishe bei kwa wote, iweke kikomo kidogo, au ijaribu kuwakwepa wale wanaoihitaji. Sheria nzuri huziba hiyo njia ya pili na ya tatu, kisha inakubali hadharani kwamba ya kwanza itatokea.

17/
Marekani walilipitia hili kwa kelele nyingi. Sheria yao ya 2010 ilisema kwamba kuanzia 2014, bima ya mtu binafsi lazima iwe na makundi kumi ya huduma, zikiwemo uzazi, afya ya akili na dawa. Na kampuni isimkatae mgonjwa.

Kabla ya hapo bima nyingi za watu binafsi hazikuwa na uzazi kabisa. Baada ya hapo bei ikapanda, na kijana mzima akalalamika: "Mimi uzazi wa nini?" Upande mmoja ukasema, "Mnaona? Lazima imepandisha bei." Upande wa pili ukasema, "Mnaona? Mama sasa ana bima."

Wote walikuwa sahihi. Ndiyo sababu mjadala haukuisha.

18/
Na hapa ndipo nataka kila mtu anisikilize, hasa wale wanaosema tufute kila kitu.

Huduma isipokuwa kwenye bima, gharama yake haipotei. Inahama. Mgonjwa wa figo wa Sironga hakuanza kuwepo siku SHA ilipomwandika. Alikuwepo. Alilipiwa na ng'ombe aliyeuzwa Keroka, na shamba lililogawanywa, na kundi la WhatsApp la harambee lenye picha yake na nambari ya simu ya shemeji. Mangapi mmeingizwa mwaka huu? Mlichanga ngapi?

Hiyo pia ni bima. Tofauti ni kwamba ile ya WhatsApp inamsaidia zaidi mwenye jamaa wengi wenye kazi Nairobi, na inamwacha mjane asiyejulikana na mtu.

19/
Kwa hivyo anayesema "kila mtu abaki na pesa yake" anakuambia ukweli nusu. Utabaki na mia tatu yako, na bili yako pia. Na anayesema "tutaongeza huduma bure" naye anakuambia nusu nyingine. Utapata huduma, na mtu atailipa. Pengine ni wewe.

Lazima ya huduma haiongezi ugonjwa duniani. Inabadilisha nani anabeba. Inatoa mzigo kichwani mwa mmoja na kuugawa kwa wengi. Mgao huo ukiwa wa haki, mimi nauunga mkono. Lakini usiniambie mzigo umeyeyuka.

20/
Mama mmoja akauliza, "Na ile ya kina mama, mbona ilikuwa bure?"

Linda Mama haikuwa bure, mama. Ililipwa na serikali, yaani kodi, pamoja na kodi ya sukari na sabuni yako. Mjamzito hakuombwa mchango kwanza. Sasa kujifungua kumeingizwa ndani ya mfuko wa bima, kwa hivyo mama anaulizwa kama amelipa. Huduma ni ile ile. Aliyebadilika ni mlipaji.

Mnakumbuka EduAfya ya wanafunzi wa sekondari? Ilianza 2018, na wasichana wa hapa Sironga walihesabiwa humo. Hakuna mtoto aliyechangia, serikali ililipa. Mkataba ulipokwisha mwisho wa 2023, bima ikaisha nao. Huduma isiyo na mlipaji wa kudumu huishi kama mgeni.

21/
Wengine watasema: "Wizi ukikomeshwa, pesa itatosha." Wizi upo. Mwaka 2025 serikali yenyewe ilisimamisha baadhi ya hospitali kwa madai ya uongo. Kila shilingi ya mgonjwa hewa ni kitanda kilichopotea, na walioiba washtakiwe.

Lakini rudini kwenye mfano wetu wa familia 1,000. Hatukuweka mwizi hata mmoja mle ndani, na pesa ikaisha. Kupambana na wizi ni lazima, ila hakufuti hesabu. Anayetumia wizi kama jibu la kila swali hajajibu swali.

22/
Si kila huduma inayoongezwa ni mzigo tu. Kisukari na shinikizo la damu ndizo sababu kubwa za figo kufa. Kupimwa shinikizo kwenye zahanati ni dakika chache, na dawa zake za kawaida ni za bei nafuu. Kusafishwa damu ni zaidi ya milioni moja kwa mwaka, mliona.

Kwenye sheria yetu, huduma za zahanati na kituo cha afya ziko chini ya mfuko wa afya ya msingi, unaolipwa na serikali. Zahanati ikikosa dawa ya presha miezi mitatu, tunaweka akiba leo na kulipia mashine kesho. Kwa hiyo mtu akitangaza mashine mpya ya figo, mpigieni makofi, kisha mwulizeni dawa ya presha iko wapi.

23/
Wengine wamefanyaje? Rwanda, kwa miaka mingi, familia ziliwekwa kwenye madaraja ya uwezo. Daraja la chini kabisa serikali iliwalipia, wengine wakalipa kulingana na daraja, na ukienda kituo cha afya ulitoa faranga 200. Waliojiunga walizidi asilimia 80 ya watu. Ghana walichagua njia nyingine: sehemu kubwa ya pesa inatoka kwenye ushuru wa asilimia 2.5 wa bidhaa na huduma.

Hakuna hata mmoja aliyepata pesa chini ya mti. Walichagua mlipaji na wakamtaja.

24/
Maoni yangu mimi, na mtu ana ruhusa ya kuyakataa:

Maskini kabisa alipiwe mia tatu yake na kodi, na jina lake lijulikane mapema, kabla hajafika hospitali.

Mkulima aruhusiwe kulipa vile pato lake linavyoingia, kidogo kidogo kila mwezi wa majani. Tunalipa madeni ya mbolea kwa njia hiyo. Kwa nini bima ishindikane?

Na huduma yoyote mpya isitangazwe bila kuandikwa kando yake: itagharimu kiasi gani, nani atalipa, na hospitali italipwa baada ya siku ngapi.

25/
Mzee mmoja alisema nimeongea kama mhasibu. Nikamwambia, mzee, kila harambee ya hospitali tuliyohudhuria ilikuwa na mhasibu aliyeketi na daftari. Bima tu ndiyo tunaitaka bila daftari.

Kwa hivyo chukueni maswali haya matano. Mtu yeyote akija hapa sokoni na ahadi ya bima, wa rangi yoyote, mwulizeni kwa heshima:

Moja, huduma hiyo itagharimu ngapi kwa mwaka?
Mbili, anayelipa ni mwenye mshahara, mkulima, mwajiri au kodi?
Tatu, kikomo chake ni kiasi gani, na kikipita nani anamalizia?
Nne, asiye na mia tatu atafanyiwa nini siku hiyo hiyo?
Tano, ikiwa mchango haupandi, ni huduma gani inapungua?

26/
Akijibu matatu kati ya matano, msikilizeni. Akianza kumtukana mpinzani wake badala ya kujibu, mmeshapata jibu.

Na wewe unayesoma hapa ambaye bado hujui kama familia yako imesajiliwa, piga *147# leo, si siku ya dharura. Hata ukiwa unaupinga mfumo, upinge ukiwa ndani ya orodha, na watoto wako wameandikwa.

Kwenye majibu hapa chini, niandikieni: kwenu, mkulima au mfanyabiashara mdogo analipaje, na hospitali ilimwambia amalizie nini? Bila kutaja jina la hospitali wala la mgonjwa. Nitayakusanya kwa uzi ujao, ambao utahusu kwa nini hospitali hucheleweshewa malipo.